Maji Yasiyopigiwa Firimbi

Samaki alikuwa ndani ya sufuria, na sufuria ilikuwa bado juu ya jiko.

Inspekta Ndunge alichuchumaa kwenye tope akamtazama. Alikuwa samaki mnono, wa rangi ya chungwa yenye madoa meupe, na macho yake yalikuwa yameanza kudidimia. Mpita njia angedhani mwenye nyumba alikuwa akipika. Lakini mwenye nyumba, Nyawira, alikuwa amesimama nje na leso ya kuazima kiunoni, na hakuwa amepika chochote tangu Ijumaa. Ijumaa hiyo alasiri, yeye akiwa Dagoretti Corner kwenye kibanda chake cha mboga, maji yaliingia katika chumba hiki cha mabati yakawachukua watoto wake wawili, binti yake Wahu na mdogo wake wa kunyonya, na mama mkwe aliyekuwa akiwalea. Katika vyumba vilivyofuata kando ya kijito yaliwachukua watu wengine wanne. Leo ilikuwa Jumatatu, na mabati yalikuwa yamelala chini jinsi maji yalivyoyalaza.

"Nyawira, huyu samaki umemnunua wewe?"

Nyawira alichungulia, akarudisha uso nyuma kama aliyepigwa kofi. "Mimi? Samaki wa rangi hiyo ningempata wapi, madam?"

"Kwenye kijito je?"

Sajini Ochola, aliyezaliwa na kukulia kando ya Ziwa Victoria na anayewajua samaki kama wengine wanavyowajua ng'ombe wao, ndiye aliyejibu. "Afande, katika maji haya hata chura amehama. Nusa tu."

Hakukuwa na haja ya kunusa. Kijito cha Bondeni kilipita hatua chache kutoka mlangoni, chembamba na cha rangi ya jivu, kimebeba povu la sabuni na uchafu wa vyoo vya magorofa ya juu. Watu wa Bondeni walikuwa wakifulia humo nguo za matajiri na kumwagilia sukuma wiki, kisha wakaacha kufulia, wakabaki kumwagilia tu. Hakuna aliyekumbuka mara ya mwisho kuona samaki.

Ndunge alimtia samaki kwenye mfuko wa nailoni, akasimama, akazunguka nyumba polepole. Kwenye msumari wa paa lililoanguka kulikuwa kumenasa mzizi mrefu wenye majani mapana ya mviringo.

"Yungiyungi," Ochola alisema. "Hilo linataka maji yaliyotulia. Haliwezi kuota kwenye mto unaokimbia."

Mkuu wa kituo alikuwa amemwambia Ndunge asubuhi ile kwamba kesi hii haina kazi kubwa. Ni mvua iliyoua, na kama si mvua basi ni Okinyi, muuza vyuma chakavu, ambaye alijenga daraja lake mwenyewe la nondo na mbao juu ya kijito ili mkokoteni wake uvuke. Taka zilinasa kwenye daraja, maji yakakosa njia, yakapanda majumbani. Ndivyo walivyosema watu wa Bondeni, na Jumamosi, mwili wa mwisho ulipotolewa, walimtoa Okinyi kwenye banda lake wakampiga kwa mawe na kwa vyuma vyake mwenyewe hadi polisi wakaja.

"Na wewe ulikuwapo?" Ndunge alimuuliza Nyawira.

"Nilikuwapo." Nyawira hakuangalia pembeni. "Na mimi nilimpiga. Nilimpiga na jiwe, kichwani. Ningekuwa na lingine ningerudia."

"Mvua iliisha lini siku hiyo?"

"Ijumaa asubuhi. Nilianika nguo za mtoto nikaenda kazini. Jua lilikuwa linawaka."

Ndunge alitazama mabati tena. Yote yalikuwa yameangukia upande mmoja, upande wa chini, yakielekea bondeni. Maji yanayozibwa hupanda taratibu kutoka chini. Hayasukumi nyumba. Akatembea kufuata kijito mpaka kwenye kona, na pale, chini kabisa ya nyumba zote, akalikuta daraja la Okinyi. Lilikuwa limejikunja kwenye mawe kama waya. Halikuwa limeziba kitu. Lilikuwa limesombwa pamoja na kila kitu kingine.

"Ochola, twende hospitali."

*

Walimkuta Okinyi kwenye wodi ya wanaume katika hospitali ya umma, amefungwa pingu kwenye chuma cha kitanda. Jicho moja lilikuwa limefungika, na kila alipovuta pumzi kifua kilitoa sauti kama karatasi inayokunjwa. Polisi kijana aliyekuwa akimlinda alikuwa akila mahindi ya kuchoma.

"Mfungue pingu," Ndunge alisema.

"Afande, ni mshukiwa."

"Anaweza kukimbilia wapi? Mfungue."

Okinyi alifungua jicho lake moja. "Asante, madam."

"Mimi ni Inspekta Ndunge. Daraja lako lilizuia maji?"

"Daraja yangu ilienda ya kwanza. Niliiona ikienda. Kitu imeenda itazuia maji aje?"

"Ulikuwa wapi?"

"Juu ya banda, napanga vyuma. Nikaskia mngurumo, kama lori imemwaga kokoto. Naangalia juu, jua iko. Na maji inakuja imesimama."

"Imesimama vipi?"

"Kama ukuta, madam."

Alikusanya pumzi. Ndunge hakumharakisha.

"Huko juu kuna nini, Okinyi?"

"Kwa wadosi, wenye pesa. Kuna nyumba imefunga huu mto na ukuta ya mawe, wakafanya dam yao ndani ya boma. Kiangazi wanafunga, sisi tunabaki na matope. Mvua ikizidi, wanafungua. Lakini wakitaka kufungua, soja wao wa lango anakuja huku kwa ukuta anapuliza firimbi. Anapuliza sana. Tukiskia tunatoa watoto, tunatoa magodoro, tunangoja ipite. Ni mambo tumezoea."

"Na Ijumaa?"

"Hakuna."

"Labda hukusikia. Ulikuwa unagonga vyuma."

"Hiyo firimbi hata kiziwi anaiskia. Haikulia." Alijaribu kujiinua, akashindwa. "Ndio maana hawa wasee walinikujia. Firimbi haijalia, basi si dam. Kama si dam, ni nani? Ni Okinyi na daraja yake."

Ochola aligeuka akatazama dirishani.

"Watoto wa Nyawira walipatikana?" Okinyi aliuliza.

"Walipatikana."

"Nilishika mmoja mkono. Ule msichana. Nilikuwa nimemshika, madam. Mkono ikateleza." Akafumba jicho, na hakusema tena, ingawa Ndunge alimwita mara mbili. Daktari alipopita alimtazama mgonjwa, akamtazama Ndunge, akatikisa kichwa kidogo, akaenda kitanda kilichofuata.

*

Nyumba aliyoitaja Okinyi ilikuwa Lavington, mtaa wa matajiri, nyuma ya ukuta mrefu wenye nyaya za umeme na maua ya zambarau. Mlinzi aliyewafungulia lango alikuwa mtu wa makamo aliyejiita Musili. Firimbi ilining'inia shingoni mwake kwa kamba nyeusi. Alipowaona polisi aliishika kwa ngumi, kama mtu anayeficha jipu.

Mwenye nyumba, Debra, aliwapokea kwenye veranda. Alikuwa mwanamke mrefu wa miaka hamsini na kitu, sauti ya upole, kucha zilizopakwa rangi upya. Msichana wa kazi alileta chai na vipande vya keki nyeupe.

"Karibuni, kuleni. Ni keki ya ruracio ya binti yangu. Wazee wa upande wa kijana walikuja kuleta mahari Jumamosi, na wageni wamekula mpaka wakashindwa."

"Jumamosi hii?" Ochola aliuliza.

"Jumamosi hii. Siku ilikuwa nzuri ajabu, hata wingu halikuwapo."

Jumamosi hiyo Ochola alikuwa amezama kwenye tope la Bondeni mpaka kiunoni, akimtafuta mtoto wa kunyonya wa Nyawira. Aliweka kikombe chini bila kunywa.

"Mama, tumekuja kuhusu maji," Ndunge alisema.

"Nilisikia. Nimehuzunika sana. Lakini mvua ilikuwa ya ajabu, lango letu la maji likavunjika. Mtu angefanya nini? Maji yakiamua, yameamua."

"Lilivunjika lenyewe?"

"Lenyewe."

"Tunaweza kuliona?"

Debra aliwatangulia kwa viatu vyake vyepesi. Bustani ilishuka kidogo mpaka kwenye bwawa, na bwawa lilikuwa limebaki dimbwi tu, na kingo za mawe zimeachwa wazi. Mayungiyungi yalikuwa yamelala kwenye tope jeusi. Mwisho wa bwawa ulisimama ukuta wa mawe uliokatiza kijito kutoka ukingo hadi ukingo, na katikati yake tundu la mraba ambalo Ndunge angeweza kupita kwa kuinama.

Alipanda juu ya ukuta. Bamba la chuma lililopaswa kuziba lile tundu lilikuwapo. Halikuwa limevunjika wala kupinda. Lilikuwa limeinuliwa mpaka juu kabisa, likashikiliwa pale na parafujo ndefu yenye gurudumu la kuzungushia. Parafujo nzima ilikuwa imeshika kutu ya zamani, isipokuwa pale penye meno, ambapo grisi mpya iling'aa.

Maji yakivunja bamba huling'oa au hulikunja. Hayalizungushi gurudumu.

Alishuka akapita ukingoni, akikagua mawe. Maji yalipokuwa yamejaa yaliacha mstari wa kijani kuzunguka bwawa lote. Mstari ule ulikoma chini ya ukingo, kwa kiasi cha shibiri nzima. Juu yake mawe yalikuwa makavu na meupe. Na juu ya mawe, nyasi. Nyasi safi, fupi, zisizo na chembe ya tope, zenye matundu ya vigingi vya hema na alama za miguu ya viti.

"Maji hayakufika kwenye nyasi," Ndunge alisema.

"Yalikuwa yanakuja. Yalikuwa yanapanda."

"Lakini hayakufika."

Debra alitabasamu kidogo, kama anayemvumilia mtoto. "Unataka kusema nini, Inspekta?"

"Bado sijafika huko. Mlikuwa na samaki humu?"

"Walikuwa wengi. Wazuri sana, wengine kutoka nje. Wote wameenda. Mume wangu anawalilia mpaka leo."

Ndunge alitoa mfuko wa nailoni, akaufungua. Debra alimtambua samaki wake kabla hajakumbuka kwamba hapaswi.

"Alipatikana ndani ya sufuria ya mtu," Ndunge alisema. "Sajini, kaa na mama hapa."

*

Alimkuta Musili amesimama nyuma ya kibanda cha mlinzi, mgongo ukutani.

"Musili wa wapi?"

"Mwingi, madam."

"Mimi ni wa Kitui. Tunajua wote wawili maana ya kutembea nusu siku kutafuta maji. Usinidanganye. Nani alizungusha lile gurudumu?"

"Mimi."

"Kwa nini hukupuliza firimbi?"

Musili alitazama kuelekea bwawani. Midomo yake ilikuwa imekauka.

"Madam alinikataza. Mara ya mwisho nilipopuliza, watu wa chini walikuja ukutani wakapiga kelele, wakatupa tope. Ijumaa watu wa mapambo walikuwa hapa, na mama wa bwana harusi amekuja kuona mahali. Madam akasema hataki aibu. Akasema fungua lote, mara moja, maji yashuke kabla nyasi hazijalowa."

"Ukafungua."

"Nilimwambia kuna watu. Nikamwomba niende mbio kwa njia ya nyuma niwaambie kwa mdomo, halafu nirudi nifungue. Si mbali, madam. Ni kushuka tu."

"Akasema nini?"

"Viti vilikuwa vimeletwa na lori, vimeachwa hapa langoni. Akasema fungua kwanza, halafu panga viti, ukimaliza viti uende."

"Ukapanga."

"Nilipanga haraka sana," Musili alisema. "Nilipanga kama mwendawazimu. Nilipomaliza nikakimbia. Nikafika pale kwa kona, nikaona hakuna mtu wa kuambia." Akaivua firimbi shingoni, akamnyooshea. "Chukua. Tangu siku hiyo sijalala."

"Una mke, Musili? Una watoto?"

"Ninao. Watatu."

"Wangekuwa kule chini, ungepanga viti?"

Ndunge alimfunga pingu, akamrudisha bwawani akiwa mbele yake, na Debra alipowaona akaelewa. Hakupiga kelele wala hakulia. Aliketi kwenye kiti cha bustani akakunja mikono.

"Walijenga kando ya mto," alisema. "Hiyo ni kinyume cha sheria. Kila mtu anajua."

"Na ukuta wako uko katikati ya mto."

"Nina ruhusa."

"Ruhusa ya kufunga. Ya kuachilia maji juu ya watu je? Ulijua kuna watu kule?"

"Nilijua kuna watu." Alifikiri. "Sikujua ni wangapi."

"Ungejua ni wangapi, ungefanya nini?"

Debra alilifikiria swali lile kwa dhati, kama mtu anayetaka kutoa jibu sahihi.

"Ningesema afungue polepole kidogo," alisema.

Ochola alimsomea haki zake kwa sauti iliyokwaruza. Akiwa njiani kwenda garini, Debra aliomba aruhusiwe kubadilisha viatu. Ndunge alimkatalia.

*

Kituoni, wakili alikuwa amefika kabla yao. Alikuwa na tai ya buluu na maneno machache. Aliingia ofisini kwa mkuu wa kituo, mlango ukafungwa, na ulipofunguliwa Ndunge aliitwa.

"Kazi nzuri," mkuu wa kituo alisema. "Nimeipenda ile ya samaki. Sasa sikiliza. Mama atashtakiwa kwa kusababisha vifo kwa uzembe. Ana anwani inayojulikana, ana wakili, ana wa kumdhamini. Aende nyumbani, afike kortini akiitwa. Mlinzi abaki. Mkono uliozungusha ni wake."

"Bwana, ni watu saba. Aliambiwa kuna watu, akasema viti kwanza."

"Hakuna aliyemwona akishika gurudumu. Uzembe, Ndunge." Alisogeza simu yake mezani. "Na hospitali wamepiga. Okinyi amekufa mchana huu. Hayo ndiyo mauaji. Kuna mashahidi wengi, kuna silaha, na Ochola ameniarifu kuna mtu aliyekiri mbele yenu wote wawili. Ama sivyo?"

Ndunge aliitazama ile simu.

"Ama Nyawira hakukiri?"

"Alikiri."

"Basi huyo hana dhamana. Yuko hapo nje kwenye benchi, amekuja mwenyewe kuuliza habari. Usimwache aondoke."

Nyawira alikuwa ameketi kwenye benchi la mbao chini ya dirisha, ile leso ya kuazima ameikunja vizuri magotini. Aliinuka Ndunge alipotoka.

"Wamesema mmeshika mtu wa huko juu. Ni kweli ni dam?"

"Ni dam, Nyawira. Lango lilifunguliwa."

"Lakini firimbi haikulia."

"Mlinzi alikatazwa kuipuliza. Alitaka kuja kuwaambia kwa mdomo, akaambiwa apange viti kwanza. Walikuwa na sherehe."

Nyawira alirudi kuketi. Alirudia neno "viti" taratibu, kama neno la lugha ya watu wengine. Kisha akauliza, "Okinyi mtamwachilia lini?"

"Okinyi amekufa."

Kelele za magari barabarani ziliingia dirishani. Mlango wa nje ulifunguliwa, na Debra akapita na wakili wake, ameshika koti mkononi. Alisimama kizingitini akauliza kama gari linaweza kusogezwa karibu, kwa sababu uwanja ulikuwa na tope. Likasogezwa.

Nyawira hakumtambua. Hakuwahi kumwona.

"Aliongea kabla ya kufa?" aliuliza.

Ndunge angeweza kudanganya. Alifungua mdomo, na lililotoka likawa lile lile la kweli. "Alisema alimshika Wahu mkono kwenye maji. Alimshika, lakini ukateleza."

Nyawira hakulia. Alitazama mkono wake wa kulia, akaugeuza kiganja juu, akaugeuza tena. Kisha akaunyoosha pamoja na wa kushoto, akangoja.

Walimpeleka kwenye meza ya mbele. Polisi kijana aliyekuwa zamu alivuta kiti, akamwandikia jina, umri, mahali anapoishi. Alipoulizwa mahali anapoishi alisema Bondeni, halafu akasema hakuna kitu tena pale, na kijana akaandika Bondeni.

"Mume?"

"Alienda Qatar. Hapigi simu."

"Ndugu wa karibu? Wa kuletewa habari, wa kukuletea nguo na chakula."

"Wahu."

"Ni nani wako?"

"Msichana wangu. Yuko mochari."

Kijana aliinua kalamu. "Mwingine?"

"Mama mkwe wangu." Nyawira alifikiri kidogo. "Na yeye yuko huko. Wote wako huko."

Kijana alimtazama Ndunge, asijue la kuandika kwenye nafasi ile.

"Andika hakuna," Ndunge alisema, akachukua funguo ukutani akaenda kufungua seli.